Nani Ako na Paswadi ya Gazeti la Kampasi?

Wiki mbili zilizopita komredi mmoja alinitumia faili ya kurasa 11. Yuko mwaka wa nne, anasomea mambo ya kompyuta, na projekti yake ya mwisho ni mfumo wa mtandaoni wa kusimamia gazeti la wanafunzi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Wewe ulikuwa kwa gazeti, cheki kama imekaa poa."

Imekaa poa, kusema ukweli. Kuna mahali pa kuingia na paswadi, kuna fomu ya mwandishi kutuma habari, kuna mhariri wa kuikubali ama kuikataa, kuna sehemu ya matangazo, kuna ripoti zenye grafu za rangi. Ile michoro ya mishale ya kuonyesha data inatoka wapi inaenda wapi pia iko. Msimamizi wake atasaini bila kuuliza maswali mengi. Lakini nilisoma hadi ukurasa wa mwisho nikitafuta jibu la swali moja na sikuliona. Habari ikishachapishwa, nani anaweza kuifuta?

Wacha niwape stori ndio mjue kwa nini hilo swali linanisumbua.

Nilikuwa mwaka wa pili. Gazeti letu lilikuwa limeacha karatasi kwa sababu kuchapisha ni ghali, na pesa kutoka kwa chama cha wanafunzi zilikuwa zinafika ama hazifiki, ikitegemea nani ameshinda uchaguzi. So tukahamia mtandaoni. Tovuti ilijengwa na jamaa wa mwaka wa nne, mkali sana, akaiweka kwa seva ya chuo kwa sababu hiyo ni ya bure. Tulimpigia makofi. Hakuna mtu aliuliza seva ni ya nani.

Halafu tukaandika ile habari ya pesa za dhamana. Unazijua, zile unalipa ukiingia mwaka wa kwanza ukiambiwa utarudishiwa ukimaliza kama hukuvunja kitanda wala kupoteza kitabu cha maktaba. Tulikuwa watu watatu, tukafuatilia kwa wiki tano. Tulikuwa na risiti, tulikuwa na barua, tulikuwa na watu waliomaliza masomo wakaomba pesa zao hadi wakachoka kupanda ngazi za ile ofisi. Tukaiweka Jumatano usiku. Alhamisi linki ilikuwa kwa kila grupu ya darasa. Ijumaa jioni ukibonyeza unaambiwa ukurasa haupatikani.

Mimi nilidhani ni bando zangu zimeisha. Nikawasha simu upya, nikaomba mtu hotspoti, hakuna kitu. Yule jamaa aliyejenga tovuti alikuwa ashamaliza na yuko Qatar anafanya kazi. Akajibu usiku wa manane: "Paswadi nilimwachia msee wa ofisi ya kompyuta kabla nitoke. Hamkuwa nayo nyinyi?"

Hatukuwa nayo. Gazeti la wanafunzi, waandishi karibu thelathini, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa na funguo za nyumba. Jumatatu tukaenda kwa hiyo ofisi. Msee mwenyewe alikuwa mpole kabisa, akatuketisha. Alisema alipigiwa simu akaambiwa atoe, akatoa. Hakuna barua, hakuna sababu. Hata alituuliza kama tumebaki na kopi kwa sababu alikuwa hajamaliza kuisoma.

Kopi hatukuwa nayo. Rasimu za kwanza zilikuwa vipande vipande kwa WhatsApp, na ile ya mwisho tuliihariri moja kwa moja ndani ya tovuti kwa sababu tulikuwa na haraka. Iliyobaki ni picha. Msichana mmoja wa darasa letu alikuwa amepiga skrini ya laptopu na simu yake ili amtumie kakake, na picha inaonyesha aya sita za kwanza na kidole gumba.

Sasa linganisha na zamani. Chelagat Mutai, kabla hajachaguliwa mbunge wa Eldoret North mwaka 1974 akiwa na miaka 24, alikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi lililoitwa Platform. Siku hizo kuandika vitu fulani kulikuwa hatari kuliko sasa, sitaki kupamba. Lakini karatasi ilikuwa na kitu kimoja ambacho tovuti yetu haikuwa nacho. Mhariri anaweza kufukuzwa, chumba kinaweza kufungwa, lakini nakala zikishatawanyika hosteli nzima hakuna mtu ataenda mlango kwa mlango kuchukua kila moja, hadi ile iliyofungiwa mandazi. Sisi tulihama karatasi tukidhani tunaenda mbele, kumbe tumeweka gazeti lote mahali ambapo mtu mmoja mwenye kipanya analimaliza kabla chai ipoe.

Ndiyo maana kwangu mimi, kusanifu mfumo wa gazeti la wanafunzi ni swali la mamlaka kabla halijakuwa swali la kompyuta. Uko na PHP ama Python, hiyo ni yako na msimamizi wako. Mimi nataka kuona ile jedwali ya nani anaruhusiwa kufanya nini.

Chukua WordPress, ambayo iko tangu 2003 na ni ya bure. Ina ngazi zake. Ngazi ya mchangiaji, unaweza kuandika lakini huwezi kuchapisha, hata picha huwezi kupakia. Mwandishi anaweza kuchapisha vyake na kufuta vyake. Mhariri anaweza kuchapisha na kufuta vya kila mtu. Admini ni Mungu mdogo. Kitu ukikitupa kinakaa kwa pipa la taka siku 30 halafu kinapotea chenyewe, na kikipotea kinaenda na historia yake yote ya mabadiliko. Kwa blogu ya mapishi hiyo ni sawa. Kwa gazeti linaloandika kuhusu watu wenye uwezo wa kupiga simu, hapana.

Ningekuwa mimi, kitufe cha kufuta habari iliyochapishwa hakingekuwepo. Kungekuwa na kusahihisha, ambapo toleo la kwanza linabaki na msomaji anaona ni nini kilibadilishwa na lini. Na kungekuwa na kuondoa, lakini kuondoa kunahitaji watu wawili wasio wa mwaka mmoja, na ukurasa haupotei. Maneno yanatoka, na mahali pake panaandikwa: habari hii iliondolewa tarehe fulani, kwa sababu fulani, kwa ombi la fulani. Fikiria kama ile Ijumaa tungefungua linki tukakuta sentensi hiyo badala ya ukurasa uliokufa. Hiyo sentensi yenyewe ingekuwa habari.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye maoni, "na kama mmeandika uongo je?" Swali la haki. Tuliwahi kuandika uongo. Si kwa makusudi, lakini tulitaja mlinzi wa geti moja kuwa ndiye alichukua pesa za wanafunzi waliochelewa, kumbe alikuwa mwenzake wa zamu ya usiku. Yule mzee alikuja na nakala ya gazeti imekunjwa kwa mfuko wa shati (hiyo ilikuwa enzi ya karatasi, mwisho mwisho), akaniuliza kwa adabu watoto wake wakisoma hii atawaambia nini. Sijawahi kusahau huyo mzee. Tuliomba radhi toleo lililofuata, kwa herufi ndogo, ukurasa wa nne.

So sisemi kila kilichochapishwa kibaki milele kama jiwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba habari za uongo kumhusu zirekebishwe ama zifutwe, na sheria hiyo hiyo imetenga nafasi kwa kazi ya uandishi wa habari. Mfumo mzuri unabeba zote mbili. Yule mlinzi angeweza kuomba jina lake litolewe, lingetolewa siku hiyo hiyo, na marekebisho yangekuwa juu ya habari, si ukurasa wa nne. Tofauti ya mlinzi na ile simu ya Ijumaa ni kwamba mlinzi alikuja na jina lake na sababu yake. Fomu ya kuomba marekebisho, ukurasa mmoja tu, ingetenganisha hawa watu wawili vizuri sana.

Nirudi kwa ile faili ya kurasa 11, kuna kitu kingine kilinishtua. Mwandishi anaingia kwa kutumia namba yake ya usajili wa chuo. Naelewa ni kwa nini, kila projekti ya kampasi inafanya hivyo, na mtihani unapenda hivyo. Lakini fikiria. Kila rasimu, kila maoni ya mhariri, kila "huyu chanzo anasema hivi" imefungwa kwa namba ambayo ofisi ya mitihani na ofisi ya ada pia wako nayo. Barua pepe na jina la uandishi vinatosha. Pia kuna watu kama mimi ambao namba yao ilikufa. Niliacha mwaka wa tatu, hiyo ni stori ya siku nyingine na haihusiani na gazeti, tulieni.

Na vyanzo. Hapa naongea polepole. Kwenye ile habari ya dhamana kulikuwa na mtu wa ndani aliyetusaidia kuelewa karatasi. Jina lake halikuwa kwa habari. Lilikuwa pembeni, kwenye maoni ya hati tuliyokuwa tunashirikiana, mahali mmoja wetu aliuliza "hii ni kutoka kwa nani?" na mwingine akajibu, jina lote, na cheo. Hati yenyewe ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye linki. Na linki ilikuwa kwa grupu ya watu karibu thelathini, wengine wao hata hatukuwajua vizuri. Hakuna kilichompata huyo mtu, hadi leo, na mimi nachukulia hiyo kuwa bahati tu, hakuna ujanja wetu hapo. Kwa hiyo ukiniuliza mfumo uwe na sehemu gani ya kuhifadhi vyanzo, jibu langu ni kwamba usiwe nayo. Weka kisanduku kimoja: mhariri anamjua chanzo, ndiyo ama hapana. Jina likae kichwani mwa watu wawili. Kitu ambacho hakijaandikwa hakivuji.

Halafu kuna simu. Wale wanaosanifu hizi mifumo wanachora kana kwamba kila mwandishi ameketi mbele ya kompyuta yenye skrini pana. Habari nyingi za kampasi zinaandikwa kwa simu iliyopasuka kioo, ndani ya matatu, kwa bando za bei ya chini zinazoisha usiku wa manane. Fomu ikipoteza maneno yako mtandao ukikatika, mwandishi hatarudi tena, atakutumia kwa WhatsApp, na hapo mfumo wako umekufa hata kama umepata A. Picha pia. Ukituma picha kwa WhatsApp kawaida inabanwa, na ukitaka kuikata baadaye inakuwa ukungu mtupu. So mfumo uhifadhi rasimu ndani ya simu yenyewe, upakie picha polepole mtandao ukirudi, na ukurasa wote uwe mwepesi. Hiyo kazi ni ngumu kuliko grafu za rangi, na haionekani kwenye slaidi.

Lakini adui mkubwa kuliko ofisi yoyote ni kumaliza masomo. Gazeti la kawaida lina mhariri wa miaka kumi anayejua kila droo. Gazeti la kampasi linabadilisha damu yote kila miaka minne, na anayejua mambo kawaida ndiye anaondoka kwanza. Yule mkali wetu wa Qatar hakukosea, alifanya kazi ya bure kwa miaka miwili. Shida ni kwamba mfumo ulikuwa yeye. Ukisanifu, anza na hiyo siku: wewe umeenda, namba yako imebadilika, aliyebaki ni fresha wa wiki ya tatu. Anaweza kuingia? Anaweza kupata kila kitu kilichoandikwa tangu mwanzo? Ruhusa zote zife zenyewe mwisho wa mwaka wa masomo mpaka mtu azihuishe. Maadmini wawe watatu kutoka miaka tofauti. Na kila mwisho wa muhula mfumo utoe faili moja ya maandishi matupu yenye habari zote, iende kwa barua pepe za hao watatu. Maandishi ya muhula mzima hayafikii hata uzito wa video moja ya TikTok. Habari ikichapishwa, linki yake pia itumwe kwa Internet Archive, wale wenye Wayback Machine, wanahifadhi kopi ya ukurasa bila malipo. Hatukujua. Ingetuchukua sekunde.

Jina la tovuti nalo msisahau. Likiwa tawi la jina la chuo, lile linaloishia na .ac.ke, basi chuo kikiamua limeenda. Nunueni lenu, .or.ke ama .co.ke, na lisisajiliwe kwa barua pepe ya mtu mmoja. Nimeona jina la klabu moja likisahauliwa kulipiwa, na sasa ukilifungua unaulizwa kama unataka kubeti. Pesa zitoke wapi? Kinyozi wa geti B, mama wa chapati, msee wa saiba, hao wote wanalipia matangazo kama kuna mtu anayewaandikia risiti. Kwetu pesa zilikuwa zinaingia kwa M-Pesa ya mweka hazina, pamoja na pesa zake za nyumbani, na kila mwisho wa mwezi kulikuwa na hesabu za kuchekesha. Jedwali ya nani amelipa, kiasi, na kodi ya muamala. Hiyo sehemu ya matangazo kwenye projekti ya komredi iko sawa, aiache hivyo.

Wengine wataniambia mwanafunzi hawezi kujenga kitu cha maana hivyo. Django, ambayo leo inatumika na makampuni makubwa duniani, ilianza 2003 ndani ya gazeti la mji mdogo wa Kansas huko Marekani, Lawrence Journal-World. Mmoja wa walioianzisha, Simon Willison, alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa hapo kwa mwaka wake wa kazi. Walitaka kitu cha kuwafanya wajenge haraka kama chumba cha habari kinavyodai. Na The State News, gazeti la wanafunzi wa Michigan State University, lilijenga mfumo wake likaanza kuwauzia magazeti mengine ya wanafunzi. Nikiangalia hizo mbili naona mfumo ulizaliwa pale wanahabari wanapogombana kuhusu saa ya mwisho. Projekti zetu nyingi zinazaliwa kwenye mwongozo wa idara, zinaishi kwenye laptopu moja, zinatetewa dakika ishirini mbele ya walimu watatu wenye njaa, na zinazikwa kwenye CD ndani ya kabati.

Ndiyo maana nilimwambia huyo komredi asijenge yote upya. Achukue WordPress kwa kuandika na kuchapisha, hiyo kazi ishafanywa vizuri. Nguvu zake aweke kwa kile hakipo: kuondoa kwa watu wawili, kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hata admini hawezi kuigusa, ruhusa zinazokufa, faili ya mwisho wa muhula. Na aende aketi na gazeti lenyewe wiki mbili kabla ya kuandika mstari mmoja wa kodi.

Alinijibu jana. Msimamizi wake amesema hiyo si mfumo kamili, ni "nyongeza tu", na itamfanya apoteze alama kwa sababu haina moduli za kutosha. Anaomba nimsaidie kufikiria moduli mbili za kujazia ndio kile cha maana kipite. Nimempendekezea sehemu ya ligi ya mpira ya hosteli, na ripoti yenye grafu. Grafu ziwe za rangi.

Ameniuliza pia kama bado niko na kitu chochote kutoka gazeti letu, anataka data ya kujaribia. Nimemtumia ile picha yenye kidole gumba.